Sifa za Fakta, Mtumishi Asiyefoka

Watumiaji wa R, lugha ya programu ya takwimu, humsema vibaya fakta, aina ile ya data inayopokea maneno na kuyahifadhi kwa namba za chini kwa chini. Wanamwonea. Mtumishi mwenye adabu kama yeye sijamwona.

Kwanza, hafoki. Maandishi ya kawaida ukiyaamuru yawe namba, yakikosea neno moja tu hutoa onyo la wino mwekundu. Fakta hathubutu. Chukua uzito wa watoto wanne wa kliniki: 9, 10, 12, na wa nne kaandikiwa "hakupimwa". Kwa sababu ya neno hilo safu nzima inahesabiwa kuwa maneno, na fakta anayapanga kama kamusi: 10, 12, 9, kisha "hakupimwa". Anayapa nafasi ya 1 hadi ya 4. Ukimwambia as.numeric, yaani awe namba, anakukabidhi nafasi hizo kana kwamba ndizo kilo. Wa kilo 10 kabaki na 1, wa kilo 9 kawapita wenzake waliopimwa kwa kuwa na 3, na ambaye hakugusa mizani ndiye kibonge wao, kilo 4. Wastani ni 2.5. Onyo? Hakuna. Ukarimu ulioje, kumgawia uzito asiyepimwa!

Tena haringi: hadi toleo la 4.0.0 la R lilipotoka Aprili 2020, alikuja bila kualikwa kila ulipofungua faili yenye maneno kwa read.csv. Na ana ukoo, katoka lugha ya S ya maabara za Bell.

Dawa yake ni nyepesi, mrudishe kwanza kwenye maandishi kwa as.character, ndipo awe namba. Lakini jamani, nani atawageuza wanaotuma faili zenye "kilo 9 hivi", "-", "N/A" na "angalia uk. 2" katika safu moja? Nesi wa kliniki simlaumu. Mizani imeharibika, na fomu aliyopewa ina nafasi tatu za saini na moja ya muhuri, ya mtoto asiyepimwa haina. Kaandika ukweli palipobaki peupe. Waliobuni fomu hiyo ndio wanaodai ripoti kabla ya saa sita. Jedwali likawafikia: watoto wa mwaka mmoja, wastani kilo 2.5, uzito wa kichanga wa jana. Likazunguka meza nzima. Swali likaja moja, kutoka kwa mkubwa wao: mbona halina rangi za taasisi?