Nyota Tano, Mtoto Kapakatwa

Jirani yangu hanunui gari la familia kienyeji. Kalinganisha nyota za usalama za Euro NCAP, wapimaji magari wa Ulaya, wiki nzima. Lake lina tano, za mwaka 2009, na hapendi kukumbushwa kuwa Fiat Punto ilipata tano mwaka 2005, ikapimwa tena 2017 ikaambulia sifuri. Mtihani ulikuwa umekazwa, gari ni lile lile. Haya, limetoka bandarini. Mbele kafunga ngao ya chuma, ili bodi iliyoundwa kubonyea isibonyee. Viti kavivika kava nene. Mfuko wa hewa wa ubavuni uliomo humo utajijua. Kengele ya mkanda ilimpigia kelele, kaichomekea kichuma, kimya. Kitindamimba yuko mbele, kapakatwa na mama, anachezea dashibodi. Kiti cha mtoto? Ghali mno, bwana.