Bwana Mkubwa na Kioo Kilichogoma

Dar es Salaam kuna dereva anayejulikana kwa kufungua mlango. Trafiki akimsimamisha, anafungua mlango. Akifika kulipia Daraja la Kigamboni, anafungua mlango, honi zikimsindikiza kwa nyuma. Si kwamba adabu yake imezidi. Kioo cha umeme cha gari lake la namba B kimegoma, naye amekipandisha kwa mkono na kukibana kwa kabari ya mbao.

Ukimuuliza, atakujibu kwamba mota imeungua. Nani kapima? Hakuna. Fundi mwenye waya mbili huipa mota moto wa volti 12 moja kwa moja: ikizunguka, ni nzima, na akigeuza waya itazunguka kinyume. Mara nyingi inaunguruma vizuri tu humo ndani, ila kamba ya chuma imekatika au kishikizo cha plastiki kimevunjika, na kioo kikatumbukia. Ikiwa kimya kabisa swichi inapobonyezwa, kuna fyuzi, kuna swichi, na kuna zile nyaya ndani ya bomba la mpira kati ya mlango na bodi, ambazo hukatika kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Naye, kama tulivyoona, anaufungua sana.

Kutafuta spea ya mtumba Gerezani ni gharama, anasema bwana mkubwa, akipaza sauti ili asimezwe na spika alizofunga juzi.

Haya. Ila kabari ikichomoka wakati wa masika, akumbuke kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.