Kombe la Umeme

Shemeji yangu alipostaafu kuendesha malori huko Columbus, Ohio, mikono yake haikukubali kustaafu naye. Kabla ya kuhamia Marekani alikuwa fundi umeme Tanga, na fundi umeme asiye na kazi ni hatari ndani ya nyumba. Alianza na kibaniko cha mkate ambacho hakikuwa kibovu. Akafuata mlango wa gereji, ambao tangu siku hiyo hufunguka wenyewe usiku wa manane. Kisha akashikwa na mafua. Rafiki yake wa barabarani, Mmarekani mwenye stoo iliyojaa maharage ya kopo ya kusubiria kiama, akamwambia dawa ni maji ya fedha, tena unayatengeneza mwenyewe jikoni.

Mashine yenyewe haina miujiza. Nyaya mbili za fedha tupu huchovywa kwenye bilauri ya maji yaliyotolewa chumvi zote, yale tunayoongezea betri ya gari. Mmoja unaungwa kwenye chanya, mwingine kwenye hasi. Betri tatu za voliti 9 zikipangwa mfululizo unapata voliti 27, na umeme huo huibandua fedha kidogo kidogo kutoka waya wa chanya, ikaingia majini bila kuonekana kwa macho. Ili kujua kama imeingia, unamulika kalamu ya leza: ukiuona mwale ukipita ndani ya maji, chembe zipo. Shemeji alitumia leza ya kumchezea paka. Paka alipoiona nukta nyekundu imetua ukutani nyuma ya bilauri, alifanya anachofanya paka, na dawa ya kwanza ikanywewa na zulia.

Betri alizipata wapi? Duka lipo, gari lipo. Lakini kila chumba cha nyumba ile kina kengele ya moshi darini, na kila kengele ina betri ya voliti 9. Kengele hizo zinatumia umeme wa nyumba. Betri ni ya akiba, na ukiitoa, kengele hulalamika kwa mlio mmoja mkali, hunyamaza, hulalamika tena, mpaka asubuhi. Zilizoporwa zilikuwa tatu, na hazikulia kwa pamoja.

“Baba Watoto,” dada aliita gizani, “kuna ndege kanasa darini?”

“Lala, mke wangu. Ni baridi.”

Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida sana, kwa hiyo kazi hii inataka subira, na shemeji alikuwa na mafua. Akatia chumvi. Kemia haimsubiri mgonjwa: fedha ikikutana na chumvi hutokea kitu cheupe kinachoyachafua maji yote. Akakiacha kwenye jagi kando ya jiko, akaenda kulala. Dada akarudi kutoka zamu hospitalini, akakuta samaki wamechomwa, viungo vimeandaliwa, na jagi la tui. Ni pua iliyotuokoa. Alilinusa kabla ya kulimimina, akauliza nazi gani hii isiyo na harufu, na samaki wa kupaka wa siku ile wakaliwa na ndimu.

Dada ni muuguzi, na fedha anaijua kuliko mumewe. Ipo kwenye krimu ya kupaka majeraha ya moto. Zamani watoto wachanga walitiwa machoni matone ya chumvi ya fedha yasiwapofushe maambukizi. “Ya kupaka,” alisema. “Nani kakwambia unywe?” Na ni kweli: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa hizi za fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Shemeji akajitetea kwa Loliondo. Mwaka 2011 nusu ya Tanzania ilipanda magari kwenda Samunge, kijiji cha Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji aliyeitwa Babu kwa shilingi 500. Yeye kikombe chake kiko jikoni, na hana foleni. Mama alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, ambako kombe ni maji ya kunywa yaliyooshea aya iliyoandikwa sahanini, akasikiliza maelezo yote ya chanya na hasi, kisha akamwuliza mkwewe: “Kombe la umeme, sawa. Na aya kaandika nani?”

Nikamwonyesha picha ya Paul Karason, Mmarekani aliyeyanywa maji haya kwa miaka na kuyapaka usoni, akaonekana kwenye televisheni mwaka 2008 akiwa buluu kabisa. Fedha hukaa kwenye ngozi, mwanga ukaigeuza rangi, kemia ile ile ya filamu za kamera, na haisuguliki ikatoka. Nikamtajia Stan Jones wa Montana, aliyeanza kujitengenezea mwaka 1999 akihofia kompyuta zingegoma mwaka 2000 na dawa zikaadimika. Kompyuta hazikugoma. Yeye akageuka rangi, na mwaka 2002 akagombea useneta na uso wa kijivu. Hakushinda.

“Hao weupe, shemeji,” alinijibu akijitazama mkono. “Mimi buluu itakaa wapi?”

“Kwenye kucha na ufizi,” dada akasema. Tangu hapo kila asubuhi anamkagua kucha kwa tochi kama mwalimu wa zamu siku ya Jumatatu.

Mradi ulikufa kwa sababu ya mali, si ya afya. Waya wa chanya uliliwa ukawa mwembamba, na shemeji akaanza kuitazama bangili ya fedha ambayo dada aliachiwa na bibi. Fedha ya vito huchanganywa na shaba ili iwe ngumu, na shaba nayo ingeingia kwenye dawa. Dada hakungoja hesabu hiyo. Betri zilirudi darini usiku ule ule, zikiwa zimeishiwa nguvu, na kengele zikaendelea kulia.

Mafua ya shemeji yalikwisha, na mpaka leo anaisifu fedha. Alikuwa ameshaniambukiza. Yangu yalikwisha siku hiyo hiyo, nami sikuonja hata tone.