Baki Hivyo Hivyo, Mzee

Nilikuwa nimeinama, vidole vya mikono vikining'inia usawa wa magoti, ambako ndiko mwisho wa safari yao siku hizi. Shati limepandishwa hadi mabegani, suruali imeshushwa hadi pale heshima inapoanza kuyumba. Simu ya daktari ikaita. Akaipokea. "Baki hivyo hivyo, mzee," akaniambia, akageukia dirishani.

Ilikuwa habari ya kiwanja cha Kibaha. Nikiwa nimeinama nikajua kwamba hati ipo, barabara inafika, na anayechelewesha mambo ni shemeji. Nyuma yangu wanafunzi wa udaktari walikuwa wamejipanga ukutani na madaftari yao, wanautazama mgongo wangu kwa adabu na sehemu nyingine kwa adabu zaidi. Mmoja, maskini, malezi yakamzidi nguvu, akanong'ona, "Shikamoo." Nikaitika. Ila marahaba ya mtu aliyeinama haina uzito wowote.

Simu ilipokwisha daktari alikuwa ameshasahau alichotaka kuangalia. Akafunua faili, akasema, "Vaa, mzee. Ukapige MRI." Mgongo hakuugusa. Nikamwonyesha bahasha kubwa iliyokuwa kitini chini ya kofia yangu: MRI ninayo. Akasema hiyo ni ya zamani, nipige mpya. Nikashuka hadi dirisha la bima kuomba kibali, binti wa pale akagongagonga kompyuta, akasema haiwezekani, kwa sababu MRI niliyonayo bado ni mpya. Ghorofa ya pili picha imezeeka, ghorofa ya chini haijakomaa.

Hiyo MRI yenyewe, lakini, niliipenda. Nasema kwa dhati. Katika hekaheka zote za mgongo huu, ndiyo pekee ninayowasimulia watu hata wasiponiuliza.

Kwanza wanakuvua kila chenye chuma: saa, mkanda, funguo, sarafu. Kijana wa mashine, mpole sana, akaniuliza kama nina risasi mwilini. Nikasema sina. "Na vipande vya chuma machoni?" Aliuliza kwa utulivu hadi nikaanza kujitilia shaka. Sababu ni sumaku. Ile ya kwetu ina nguvu ya tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia nzima, hii inayogeuza mshale wa dira. Na haizimwi jioni watu wakienda nyumbani. Hata umeme ukikatika mtaa mzima, sumaku inabaki sumaku, kwa kuwa nyaya zake zimezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo umeme ulioingizwa mara moja unazunguka bila kizuizi. Heliamu ni ile gesi iliyotangazwa mwaka 2016 kwamba ipo kwa wingi chini ya bonde la Rukwa. Nililala pale nikiwawazia Wafipa wa huko kwa heshima mpya.

Halafu kuna maji. Sehemu kubwa ya mwili ni maji, ndani ya maji kuna haidrojeni, na kiini cha kila haidrojeni ni kisumaku kidogo. Siku zote visumaku hivi vimetazama kila upande, kila kimoja na lake. Ukisukumwa ndani ya lile bomba, vingi kiasi cha kutosha vinakubaliana kuelekea upande mmoja. Mashine inavirushia mawimbi ya redio, vinapepesuka. Mawimbi yakikoma, vinarudi mahali pake, na katika kurudi vinatoa mawimbi yao wenyewe, hafifu kabisa. Mafuta hurudi upesi, maji huchelewa. Kwa tofauti kama hizo kompyuta inachora pingili, diski, mishipa ya fahamu, kila kitu, bila kisu. Kila tone ndani yangu liliulizwa swali na likasubiriwa lijibu. Mimi mwenye matone, tangu mgongo uanze kuuma, sijawahi kuhojiwa kwa subira ya namna hiyo.

Kelele sasa! Ni kama mafundi wanaopaua bati juu ya kichwa chako na mmoja wao hajalipwa. Ndani ya mashine kuna koili zinazowashwa na kuzimwa haraka haraka, na kila zikiwashwa ile sumaku kubwa inazisukuma, zinatetemeka. Nilipewa kimpira cha kuminya nikizidiwa. Pua ikaniwasha. Nikavumilia, nikasoma dua zote ninazozijua, nikaminya. Sauti ikatoka kwenye spika: "Nini, mzee?" "Pua inaniwasha." Kimya. "Ukiikuna tunaanza upya."

Lakini walioanza waliteseka zaidi yangu. Raymond Damadian, daktari wa Marekani aliyeunda mashine ya kwanza ya kupiga picha mwili mzima wa mtu mwaka 1977, alijaribu kujipiga mwenyewe ikashindikana. Ikadhaniwa amenenepa kuliko uwezo wa mashine, akaingizwa mwanafunzi wake mwembamba. Picha moja ikachukua karibu saa tano. Mwaka 2003 Tuzo ya Nobel kwa ajili ya MRI wakapewa wanasayansi Lauterbur na Mansfield, yeye akaachwa, akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika. Watu walimcheka. Mimi namwelewa sana, ningekuwa na fedha za kurasa nzima ningeanza na kile kiwanja cha Kibaha.

Majibu yalitoka kwa Kiingereza, kurasa mbili. Daktari wa wakati huo alisoma mstari wa mwisho: diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imekauka na imetuna. "Ndiyo hii," akasema, na dakika tatu zangu zikawa zimekwisha. Nami niliamini ndiyo hii, mpaka niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 1994 katika New England Journal of Medicine. Walipigwa MRI watu 98 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Asilimia 52 wakakutwa na diski iliyotuna. Nenda Mwenge jioni, shusha abiria kumi kwenye daladala: kama watano kati yao huenda wana picha yangu, na wanagombania siti.

Picha haina kosa. Ninalolalamikia ni kwamba picha imekaa kwenye kiti cha mazungumzo. Siku moja kwenye benchi la kusubiri daktari nilikaa na mama muuza samaki, kila alfajiri hubeba ndoo kutoka soko la Feri. Aliingia, akatoka upesi na karatasi mbili: moja apige MRI, nyingine apumzike asibebe kitu kizito. Bima hana. Ndoo hakuulizwa. Akaniuliza mimi bei ya MRI, nikamwambia, akacheka kidogo, akazikunja karatasi zote mbili akazifunga kwenye pindo la kanga. Wala hakupanda ghorofa ya picha, alielekea getini, mkono kiunoni.

Matabibu wangu waliobaki nitawapitia haraka. Kuna aliyenidunga diklofenaki, dawa ambayo India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006 baada ya kukaribia kuwamaliza tai waliokula mizoga ya mifugo hiyo. Mimi nilipata kiungulia. Kuna aliyeniambia nipunguze kitambi huku chake kikiwa kimeegemea meza. Kuna mkandaji wa Temeke aliyenikalia mgongoni akauliza kama nina imani. Na kuna aliyesema, "Umri huo, mzee," kisha akaandika risiti ya kumwona.

Aliyenigusa kwa mkono ni dada wa mazoezi ya viungo, chumba cha mwisho karibu na stoo. Akabonyeza. "Hapa? Na hapa?" Akaniuliza ninalala vipi, kiti cha kazini kikoje, nikiinua ndoo naanza na nini. Akanifundisha kuinuka kitandani kwa ubavu. Baada ya wiki chache nikaanza kufunga kamba za viatu bila kumwita mtu.

Mwezi uliofuata alihamishiwa kituo kingine. Nikauliza mapokezi kama naweza kumfuata. Wakasema hakuna shida kabisa, nianze tu kwa daktari anipe rufaa, na daktari hawezi kuandika rufaa bila MRI mpya.