Spana ya Mhazini

Miongoni mwa mitihani anayopewa fundi wa pampu za maji hapa Nyansurura, sioni uliozidi ule wa kukabidhiwa spana iliyonunuliwa na mtu ambaye hajapata kufungua nati tangu azaliwe.

Pampu yetu ya mkono ni Afridev, na historia yake yastahili kusimuliwa, kwani katika miaka ya 1980 wahandisi waliifanyia majaribio marefu huko Kwale, pwani ya Kenya, wakipunguza hiki na kurahisisha kile, hata azma yao ikatimia, nayo ni kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kuitengeneza pasipo gari la wilaya wala winchi, kwa spana moja tu na fimbo ya kuopolea vali kisimani. Pale juhudi za wahandisi zilipokomea, kwenye spana moja, ndipo iktisadi ya mhazini wa kamati yetu ya maji ilipoanzia.

Spana ya asili iliazimwa na mwenye pikipiki, wala haikurudi. Badala yake mhazini, mtu mwaminifu asiyekula hata senti ya kamati, alinunua mnadani kwa shilingi 3,000 spana inayong'aa kama meno ya bwana harusi, iliyopigwa chapa ya 24 kwa hati nzuri. Hati hiyo ndiyo iliyokuwa imara. Nilipoitia spana katika nati nikaielemea, ilipanua kinywa taratibu, ikazila kona zote sita, kisha ikaniachia ghafla, nami nikaenda kinyumenyume hadi ndani ya mbauti ya ng'ombe, mbele ya akina mama waliopanga madumu foleni tangu alfajiri. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama maji nimeyapata.

Nati iliyolika haishikiki tena, hata kwa spana malaya, uniwie radhi msomaji. Ikanibidi niikate kwa tindo hadi adhuhuri, nyingine ikafuatwa Mugumu kwa nauli ya bodaboda, na ngozi ya vidole vyangu ikabaki kwenye pampu. Nilipomsomea mhazini hesabu ya gharama hizo, alinijibu kwamba fundi hodari halaumu chombo. Yamkini ni kweli, ila fundi huyo aghalabu hujinunulia chombo chake mwenyewe. Anayenunuliwa chombo na mwajiri hupata uchungu wa chuma laini, naye mwajiri hupata sifa ya kubana matumizi. Nikamtajia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayombebesha mwajiri dhima ya usalama wa vifaa vya kazi. Akaisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama imetaja na mahali fedha zitakapotoka.

Hata hivyo kamati ilikutana, ikajadili zana za fundi kwa kirefu, na kwa kauli moja ikapitisha manunuzi. Juma lililofuata nilikabidhiwa kufuli la shaba, zito, la bei mara tatu ya spana, ili spana ile isije ikaibwa.