Yah: Ombi la Kuitambua Rasmi Dozi ya Jero

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Maduka ya Dawa,
Ofisini.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Wakazi wa mtaa mmoja wa Mbagala, kupitia kwa mwandishi wa barua hii, wanakupongeza kwa kazi nzuri ya vyeti. Ukuta wa duka lao la dawa muhimu umejaa: kibali, leseni, cheti cha mtoa dawa, vyote ndani ya fremu na vimefutwa vumbi. Kinachokosekana ni kimoja tu, cheti cha huduma inayotolewa pale kuliko zote.

Huduma yenyewe huanza hivi. Anaingia fundi seremala, mtu mzima, akikohoa.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Dokta, nipe rangi mbili. Kifua kinabana.”

“Umepima?”

“Foleni ya zahanati naijua, mwanangu. Mwisho wake ni kuambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Basi mimi nimeanzia nje.”

“Dozi nzima elfu tatu.”

“Nikatie za jero.”

Mkasi unapita katikati ya karatasi ya amoksilini. Vidonge vitano vinaingia kwenye kibahasha, na juu yake dada mtoa dawa anaandika kwa uaminifu kabisa: 2x3, siku 5. Tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye nusu ya pili, ataisoma mteja ajaye. Fundi naye atameza viwili asubuhi, viwili mchana, kimoja usiku. Siku tano zimekwisha kwa siku moja. Tija ya namna hiyo hata ofisini kwako haijawahi kuonekana. (Dozi aliyoandikiwa inataka vidonge 30, lakini hizo ni hesabu za wenye mishahara.)

Wapo wachochezi watakaokuletea habari za Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928. Katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 alitunga kisa cha bwana mmoja aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini, akanywa pungufu. Vijidudu havikufa, vilipata elimu ya kuikabili dawa. Bwana akamwambukiza mkewe, mkewe akashikwa na nimonia, penisilini ikagoma, mama wa watu akafa. Mheshimiwa asitishwe na kisa hicho. Nchi hii ina sera ya elimu bila malipo, na kwa jero vijidudu vya Mbagala vinasoma karibu bure.

Wapo pia watakaokumbusha kwamba maduka haya, yaliyoanza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, yalikuja kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi ili mtu wa pembezoni apate dawa bora kwa mtoa dawa aliyefunzwa. Kweli amefunzwa. Dada huyu anajua dozi zake, na mtoto mwenye kuharisha hupewa chumvichumvi na zinki kabla mama hajamaliza kueleza. Lakini hakuna darasa lililomfunza kumwambia baba mwenye mia tano arudi nyumbani na kifua chake, hasa ikiwa duka la jirani lina mkasi mkali zaidi.

Kuna jambo moja la hatari ambalo Mheshimiwa aliangalie. Mseto wa malaria huja kwenye pakiti ya mgonjwa mmoja: mtu mzima vidonge 24, vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Wapo wanaouacha homa ikishapoa, ila mkononi huwa wameondoka na dozi kamili, na mkasi unabaki droo. Wazo hilo la pakiti likivuka likafika kwenye amoksilini, tena kwa bei ambayo fundi seremala anaimudu, dozi ya jero itakufa, na ombi hili litakosa maana.

Kuhusu ukaguzi, wakazi hawana malalamiko. Habari za gari hufika mtaani kabla ya gari lenyewe, na mwandishi analazimika kukomea hapa kwa sababu dada ameshaanza kushusha shata. Amesema anakwenda msibani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakazi.

Nakala: Fundi seremala, ambaye hakumeza kile cha usiku. Kimo kwenye mfuko wa shati, anamtunzia mkewe aliyeanza kukohoa.