Ati Unapangusa Tu

Mtu akiniambia kazi fulani "ni kupangusa tu", siku hizi namuuliza anakaa wapi, nimbebee hiyo kazi hadi kwake. Nimechoka, jamani. Na sizungumzii vyombo. Nazungumzia vanishi.

Meza yenyewe niliitoa Gikomba. Mahogani ya Kongo, muuzaji akaapa, halafu akaigonga kwa kidole ili nisikie Kongo. Nikasikia. Bei pia nikaisikia. Serikali ilipofunga misitu yake Februari 2018, mbao zilipanda bei. Julai 2023 Rais akatangaza misumeno irudi kazini, ila kwa huyu muuzaji tangazo lilikuwa bado njiani. Ikabidi niichukue mbichi. Haina rangi, haina polishi. Uchi wa mnyama.

Fundi wetu wa hapa Umoja, yule wa kando ya barabara, akaitisha shilingi 3,500 apulize kilia kwa mashine. Kupuliza! Nikamwambia nitamtafuta. Unajua maana ya nitakutafuta.

Sasa aliyeniponza ni kijana wa hadiwea. Ati kuna njia rahisi. Chukua vanishi ya mafuta, ichanganye na waiti spiriti nusu kwa nusu, chovya fulana kuukuu ya pamba, pangusa. Hakuna brashi, hakuna mashine. Ati hata mtoto anaweza. Nikawaita wangu, wote wakawa na homuweki. Siku nyingine huwa hawana.

Wazee wa Jericho watakwambia wao walikuwa na shelaki. Ile ni utomvu wa mdudu fulani wa India, unauyeyusha kwa spiriti, unafunga pamba ndani ya kitambaa, unasugua mpaka kabati la redio linakuonyesha sura. Yaani mdudu ametema huko India, mzee akang'arisha kabati. Mimi nina fulana, nina kopo lenye maelezo, na sura sioni.

Nikaanza katikati ya meza, kwa sababu ndipo wageni hutazama. Ilikuwa inaenda vizuri. Simu ikalia. Ni wale wa mkopo wa simu, na wale huwezi kuwakatia, watampigia mama mkwe. Nikajitetea, nikaahidi Ijumaa, nikarudi. Pale nilipoachia pameanza kunata. Nikapangusa tena, polepole, kwa mapenzi. Ukatokea mstari. Nikapangusa ule mstari. Ikawa miwili. Nikaongeza vanishi kidogo, kisha kidogo tena. Mimi si mtu wa kuacha kitu nusu.

Ukiitazama kutoka juu, meza safi kabisa. Lakini sebule yetu inapata jua la jioni, na lile jua halina adabu. Linaingia kwa dirisha likiwa limelala, na ukiinama macho yawe sawa na ubao, mistari yote hiyo hapo, kama Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, kila mtu na leni yake na hakuna anayesonga. Katikati ya mistari, vipele. Juu ya vipele, nyuzi za fulana yangu. Kwenye kona moja, unywele ambao sitasema ni wa nani.

Ploti nzima ikapita kutoa rambirambi. Askari wa geti, ambaye hata kiti hana, akainama, akatazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kwa nini sijaitoa ile nailoni ya juu.

Nikamtafuta fundi. Kumbe nilimaanisha.

Alikuja mikono mitupu, akalaza kichwa upande wa dirisha, akaguna. "Mzee, hii uliirudia." Mimi? "Vanishi ikianza kushika, unatoa mkono. Ukipita umepita. Ukirudi, kitambaa kinalima." Akauliza kama nililikoroga kopo. Nikamwambia nililitikisa sana, chupa zote za dawa zimeandikwa tikisa. Akafunga macho. Ati hii ni ile isiyong'aa sana, ina unga unaokaa chini, unakorogwa kwa kijiti kutoka chini kabisa. Ukitikisa unaingiza hewa, ndivyo vile vipele.

Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, je, mtu akijaribu kufuta mistari kwa thina, ile ya kupulizia magari?

"Inakunja vanishi yote. Rafiki yako amejaribu wapi?"

"Kwa kona."

Akaitafuta kona. Akaipata.

Dawa yake ilikuwa ya kuudhi: usiguse. Acha ikauke kabisa, na kama ni baridi hii ya Julai, ongeza siku. Halafu msasa namba 320, uuzungushie kipande cha mbao, usugue kwa wepesi ukifuata nyuzi za mbao, mpaka mistari iishe na uso wote ufifie sawasawa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye waiti spiriti kidogo. Kisha paka tabaka jembamba mno, kutoka ukingo huu hadi ule, mkono ukipanda kidogo juu ya ulipopita. Ukimaliza, toka nje. Kwa maneno hayo alichukua 500. Hata meza hakuigusa.

Niliposugua, meza ikapauka yote. Mama watoto akachungulia: "Umeiua?" Nikanyamaza, kwa sababu nilidhani hivyo pia. Lakini fulana ilipopita, wacha nikwambie, ule weupe ukamezwa, na nyuma ya mkono wangu mbao ikatoka nyekundu, na mishipa yake, na Kongo yake yote. Nikataka kuirudia nione tena. Nikajishika mkono kwa mkono, nikatoka nje, nikakaa kwa ngazi. Mechi ilikuwa inaendelea kwa runinga, mimi niko nje nasikiliza magoli ya jirani.

Fulana nayo isikunjwe, fundi alisema, mafuta ya vanishi yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kujiwasha chenyewe. Nikaianika kwa kamba ya ploti, kando ya shuka nyeupe ya jirani. Jirani na mimi hatusalimiani.

Jioni nikainama. Hakuna mstari. Nikaita askari wa geti, akainama pia. Hakuna.

Halafu chama kikawa ni kwetu, na mama watoto akatandika vitambaa. Vile vya kroshia, vya maua, juu ya meza yote. Juu yake thamosi, juu yake sufuria ya chapati. Nikamwambia vanishi ikikauka kwa kidole bado haijakomaa, inataka wiki kadhaa. Akaniambia wageni hawataki wiki kadhaa, wanataka chai.

Wakati wa kutoa vyombo, kitambaa kikagoma kutoka. Wakakivuta. Kikaacha maua yake yote kwenye vanishi, petali kwa petali. Kimya. Mweka hazina akapitisha kiganja juu yake, akauliza ni fundi gani huyo anayechora hivi.

Nikasema ni mimi. Shilingi 3,500, nusu kwanza, na kitambaa unaleta chako.